Maswali ya Wasomaji: Moto Ndani ya Pembe

SWALI: Ndugu Mhariri, nimemaliza kusoma No Country for Old Men ya Cormac McCarthy. Baada ya mauaji na msako wote ule, kitabu kinaishia kwa sherifu Bell, aliyekwisha kustaafu, akisimulia ndoto mbili kuhusu marehemu baba yake. Katika ya kwanza anapewa pesa, anazipoteza. Katika ya pili wako milimani usiku, kuna theluji. Baba anampita kwa farasi bila kusema neno, kabeba moto ndani ya pembe. Rafiki yangu mmoja anasema moto ule ni Mungu, mwingine anasema ni kifo. Yupi yuko sahihi?

JIBU: Wote wawili wana haraka. Kusema "moto ni kitu fulani" ni kazi ya vitabu vya tafsiri za ndoto, na vitabu hivyo havijasoma riwaya hii. Ndoto ya mhusika imetungwa, kwa hiyo ufunguo wake utafute humo humo riwayani. Andika kwenye karatasi kila kilichomo ndotoni: pesa, farasi, baridi, pembe, moto, baba. Kisha rudi nyuma uone kila kimoja, au kinachofanana nacho, kilitokea wapi na kilimfanya nani nini.

Anza na pesa. Wasomaji wengi huiruka ndoto ya kwanza kwa kuwa Bell mwenyewe anasema haikumbuki vizuri. Usiiruke. Hadithi nzima inasukumwa na mkoba wa dola milioni 2.4 aliouokota Moss, mtu anayesakwa kwa ajili yake, lakini mkoba huo Bell hakuupata kamwe. Alichopoteza yeye ni amana ya namna nyingine. Soma tena mazungumzo yake na mzee Ellis, jamaa yake, anapokiri kwamba nishani yake ya Vita Kuu ya Pili aliipata ilhali usiku ule aliwakimbia wenzake. Aibu hiyo ndiyo iliyo chini ya ndoto ya pesa.

Moto nao una jirani yake. Katika kurasa hizo hizo za mwisho, kabla ya ndoto, Bell anakumbuka hori la maji lililochongwa kwenye jiwe gumu, kando ya nyumba, katika nchi ambayo haikujua amani ya muda mrefu. Anajiuliza ni nini kilimtuma mtu ashike nyundo na patasi kuchonga kitu cha kudumu miaka elfu kumi, na anaona lazima mtu yule alikuwa na ahadi fulani moyoni. Mchongaji na baba wanafanya kazi moja: wanaandaa kitu kwa ajili ya watakaokuja nyuma yao. Filamu ya mwaka 2007 ilizibakiza ndoto lakini ikaacha hori na siri ya vita, ndiyo maana aliyeitazama tu hubaki akikisia.

Sasa marafiki zako. Wa kifo ana ushahidi: baba ameshafariki, ametangulia gizani, na mwana anajua atamkuta huko. Wa Mungu ana kazi ngumu zaidi, kwani Ellis alishamwambia Bell kwamba yeye alitarajia Mungu angeingia maishani mwake uzeeni, na hakuingia. Tena wote wawili wasisahau sentensi ya mwisho kabisa: Bell anaamka. Hakuufikia moto. Anayeuita mwisho huu faraja tupu ameiacha sentensi hiyo nje.

SWALI: Tumepewa kazi kuhusu ndoto ya tauni mwishoni mwa Crime and Punishment ya Dostoyevsky (1866). Je, ni utabiri?

JIBU: Hapana, na wanafunzi hupotea hapo hapo, wakaanza kuandika habari za mapinduzi na magonjwa ya karne zilizofuata. Raskolnikov, muuaji aliye mhusika mkuu, anaota akiwa mgonjwa kifungoni Siberia: vijidudu vinaingia mwilini mwa watu, na kila aliyeambukizwa anaamini ukweli anao yeye peke yake, hata wanauana. Fungua makala aliyoiandika yeye mwenyewe, inayodai kwamba watu wasio wa kawaida wana haki ya kuvuka sheria. Tauni ni makala ile ile ikiwa imeaminiwa na kila mtu kwa wakati mmoja. Angalia pia mpangilio: ndoto inatangulia, ndipo anafika kwenye tukio la kando ya mto anapoanguka miguuni pa Sonya, msichana aliyemfuata Siberia. Ukianza insha yako na tukio la mtoni, badiliko lake litaonekana limedondoka kutoka mbinguni.