Barua kwa mwanangu: jiko jipya uani

Mwanangu,

Umeniuliza kama nyumba ya bibi yako Mji Mkongwe inaweza kuongezwa jiko na choo uani, na kama fundi yuko sawa kutaka kuchimbia slabu ya zege kwenye ukuta wa zamani. Jiko jenga. Slabu ikatae.

Ukuta ule ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Unacheza kidogo kidogo, zege halichezi, na ufa utatokea pale pale vinapokutana. Jengo jipya lisimame kwa nguzo zake, mita 1 kutoka ukutani. Paa liwe la mabati, literemke kuupa ukuta mgongo. Mbao zake zijitokeze hadi zibakie milimita 25 kuufikia. Mwanya huo ufunike kwa bati lililokunjwa: ukingo wa juu uingie kwenye kiungio cha mawe na uzibwe kwa chokaa, wa chini ulalie mabati bila kupigiliwa. Mafundi wengi huuziba kwa saruji, masika yakija maji yanashuka ndani.

Msingi mpya usishuke chini ya ule wa zamani. Ikibidi, chimbeni vipande vya mita 1, mjaze kimoja kabla ya kufungua kingine.

Ukuta wa zamani usipigwe plasta ya saruji hata upande wa jikoni. Unyevu hupanda na chumvi kutoka ardhini. Saruji huufungia ndani, kisha plasta hubanduka na nyuma yake unakuta jiwe limekuwa unga. Tumia chokaa iliyozimwa na kulowekwa angalau mwezi, debe 1 kwa madebe 3 ya mchanga usio wa pwani. Tabaka lisizidi milimita 10, na linyunyiziwe maji wiki nzima. Mabomba ya choo yapite nje ya ukuta mpya, yakivuja uyaone.

Paa la mita za mraba 30 likipata mvua ya milimita 20 linakusanya kama lita 600. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani 1, kwa hiyo likae chini uani, kamwe si juu ya boriti za zamani. Pampu iendeshwe kwa sola, paneli zisionekane mtaani.

Michoro ipeleke kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Na kabla hujampa fundi arubuni, fukua kidogo pembe mbili za ua, pima kina cha msingi, unitumie vipimo na picha.

Baba yako