Mkwe anadhani nakufa, nami sijui nimwambieje

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 41, mama wa mabinti wawili, naishi Tanga. Sukari ninayo tangu 2016, presha ikafuata. Wiki 11 zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo Dar es Salaam. Siyo ule wa kuwekewa puto tumboni, ni ule wa kukata tumbo lenyewe. Niliingia na kilo 124, juzi nimepima 103, na daktari ameshanipunguzia dozi ya sukari. Kwa upande huo sina neno.

Tatizo liko nyumbani. Ili kulipia tuliuza kiwanja chetu, na mume wangu akasema ndugu zake wakijua kiwanja kimeishia tumboni kwangu, nyumba haitakalika. Tukatangaza nimetolewa uvimbe. Mama mkwe akafunga safari kutoka Pangani kuja kuniuguza, na mpaka leo yupo. Ni mtu mwema, alimuuguza marehemu baba mkwe kwa sukari hiyohiyo mpaka akakatwa mguu. Lakini mimi ananiuguza kama mzazi! Alinikanda kwa maji ya moto, akataka kunifunga mkaja nikakataa. Kila asubuhi ni uji wa pilipili manga, bakuli zima. Nikinywa vijiko vinne nikaacha, anageukia ukutani na kufuta macho kwa ncha ya kanga. Kwake uvimbe umeshakuwa saratani. Mtaani nako wameniongezea ugonjwa mwingine, unaujua. Na nywele zimeanza kutoka, kitana kinajaa.

Wiki iliyopita, ili nimridhishe, nilikula matonge matatu ya ugali kwa samaki wa nazi. Kifua kikabana kama nimemeza jiwe, mate yakajaa mdomoni, nikatapika povu. Yeye ndiye aliyenishikia beseni.

Mwezi ujao ni harusi ya wifi yangu. Mimi ni mke wa kaka mkubwa, nitakaa sinia moja na wakwe. Nisipokula nitaambiwa nawadharau, nikila nitatapika mbele za watu. Hata gauni la sare limeshanipwaya kabla sijalivaa. Nifanyeje?

Mama wa Wawili, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kustaafu na kukabidhiwa ukurasa huu nilikaa wodi ya upasuaji miaka 26, na nimeona wagonjwa waliopasuliwa vizuri kabisa wakirudishwa kitandani na chakula cha ndugu. Kwa hiyo nianze na lile tonge.

Tumbo lako lilikuwa mfuko, sasa ni mrija wa umbo la ndizi. Robo tatu au zaidi ya mfuko ule imetolewa na hairudi. Ugali hunata, na sisi sote humeza tonge bila kulitafuna. Likifika mahali pembamba linakaa kama kizibo, mate yanarundikana juu yake, ndiyo povu uliloliona. Mkate laini na wali wa bokoboko nao wana tabia hiyohiyo. Kwa siku moja si balaa. Ila ukitapika siku mbili mfululizo usingoje tarehe ya kliniki, nenda hospitali, maana vitamini B1 huisha mwilini upesi na upungufu wake hugonga mishipa ya fahamu na ubongo. Ukipata homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, mguu mmoja kuvimba au pumzi kukatika, hata kesho usingoje.

Na hapo ndipo uvimbe wenu unaponitisha. Ukizidiwa mume akiwa kazini, atakayekukimbiza hospitali ni mkwe. Daktari atauliza huyu alifanyiwa nini, naye atajibu kwa moyo mweupe: alitolewa uvimbe. Utatibiwa kwa maneno hayo. Au siku nyingine atakuona umeshika kichwa, akupe diklofenaki yake ya mgongo kwa huruma tu, na dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kukuachia vidonda tumboni. Wewe ni panadoli, mpaka daktari wako aseme vingine.

Kwa hiyo mkwe aambiwe. Mashemeji, mawifi na majirani sioni haja, tumbo lako si la mkutano wa kijiji. Ule ugonjwa wa mtaani nao usijisumbue kuukanusha. Wanaoishi na virusi siku hizi wanameza dawa zao na wengine wamenawiri kunishinda mimi.

Atakayesema ni mume wako, kwa kuwa aliyeogopa ni yeye. Asianze na kiwanja. Aanze na mguu wa baba yake. Amwambie: mama, sukari ile iliyomkata baba ndiyo iliyokuwa inamla mke wangu, na madaktari wametupa njia hii. Mwanamke aliyefunga kile kidonda kila asubuhi haelezwi sana. Kiwanja kitafuata, na kilikuwa chenu. Akikasirika siku mbili, mwacheni akasirike. Kwa sasa anamlilia mkwewe kila siku juu ya bakuli la uji, na hilo mnamfanyia ninyi wawili.

Akishatulia, mkabidhi jiko. Usimwambie apumzike, kwa mtu kama huyo ni kama kumfukuza. Mwambie unahitaji protini kama gramu 60 kwa siku na tumbo lako halina nafasi, yai moja zima lina gramu 6 tu, sasa afanyeje? Mtu wa Pangani hakosi jibu. Changu wa kuchemsha kwa ndimu, amtoe miiba na kumvunjavunja kama anavyomlisha mjukuu. Mtindi usio na sukari. Mbaazi zilizopondwa, tui jepesi. Anza na kitoweo, mengine yafuate kama nafasi ipo, nayo mara nyingi haitakuwepo. Pakua kwenye kisosi, kula kwa kijiko cha chai, na usimalize chini ya dakika 20. Akikuambia shushia na maji, kataa kwa adabu: maji ni nusu saa baada ya kula, kisha mafunda madogomadogo mchana kutwa mpaka yafike lita moja na nusu. Uji wake wa pilipili manga usiutukane. Mwombe aupike mwembamba kwa maziwa, bila sukari, na akupe kikombe cha kahawa badala ya bakuli.

Nywele ni mshtuko wa upasuaji na kupungua haraka. Huanza karibu mwezi wa tatu, na kwa wengi hurudi baada ya miezi kadhaa, bora protini isikosekane na upimwe damu kuona madini ya chuma. Msuko wa kubana uache kwanza. Vidonge vya vitamini usije ukaviacha kwa sababu umeshapona. Hivyo ni vya maisha.

Kuna jambo hukuniuliza, lakini nawajua watu wa harusini. Watakuona umepungua, umependeza, na mtu ataomba dua upate wa kiume. Sema amina, kisha nenda kliniki ya uzazi wa mpango. Mwanamke akipungua uzito mimba huingia kirahisi kuliko zamani, na kwa upasuaji huu inatakiwa ungoje mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu. Vidonge vya kumeza si vya kutegemea kwa mtu anayetapika. Ulizia kijiti au kitanzi.

Haya, sinia. Kula chako nyumbani kabla hujatoka. Ukifika kaa ubavuni kwa mkwe, na wewe ndiye uwe mchambuaji: vunja nyama, tenga minofu, sogeza kwa mama mdogo, sogeza kwa shangazi wa bwana harusi, lainisha wali kwa mchuzi upande wa bibi asiye na meno. Mkono wako usitoke kwenye sinia. Nimekula masinia mengi, na sijawahi kuona mtu akihesabu matonge ya anayewatengea wenzake. Wewe tia mdomoni kipande kimoja cha nyama laini na ukitafune mpaka kiishe chenyewe. Soda hapana, gesi itakubana. Sharubati na kalimati pia hapana, sukari nyingi ikiingia ghafla inaweza kukutoa jasho na kukupiga moyo pale pale mkekani. Mtu akisema "mbona huli?", mwachie mkwe amjibu. Kufikia siku hiyo atakuwa na jibu lake, na sidhani kama litakuwa la upole.

Na lile gauni usilipeleke kwa fundi sasa hivi. Lipeleke wiki yenyewe ya harusi, ama utamlipa mara mbili.