Shingo inayopasuliwa kupitia puani: majibu kwa wasomaji

Mama ana baridi yabisi ya miaka mingi. Tumeambiwa kuna kifupa cha shingo kinachobana ubongo, na kitatolewa kupitia puani. Pua na shingo wapi na wapi? (Msomaji, Tanga)

Ni jirani kabisa, dada. Pua kwa ndani huishia kooni, na nyuma ya ukuta wa koo ndipo zilipo pingili mbili za kwanza za shingo. Ya pili ina kifupa kilichosimama kama kidole, na ya kwanza hukizunguka kila tunapogeuza kichwa. Baridi yabisi hulegeza kano zinazokishikilia. Kikihama, hukandamiza shina la ubongo. Daktari wa pua huongoza kamera nyembamba, yaani endoskopi, na wa ubongo hukisaga kifupa kwa keekee ya almasi mpaka kibaki ganda, kisha hulibandua polepole. Madaktari wa Pittsburgh, Marekani, waliandika kuhusu mgonjwa wao wa kwanza wa aina hii mwaka 2005. Naye alikuwa na baridi yabisi.

Zamani si walipitia mdomoni?

Ndiyo, na bado hupitia huko kifupa kikiwa chini mno. Lakini ulimi huvimba, kaakaa laini huweza kupasuliwa, na wengine hulishwa kwa mpira au kutobolewa koo wapate kupumua. Kwa njia ya pua, mgonjwa kwa kawaida huwahi kula mwenyewe. Hatari yake kubwa ni maji ya ubongo kuvuja: akiinama na maji maangavu yakadondoka puani, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ni upasuaji mdogo?

Hapana, tafadhali msidanganyike na udogo wa tundu. Kifupa kikitoka, shingo mara nyingi hukosa uimara, hivyo hufungwa vyuma na skrubu kwa nyuma, na kichwa hakigeuki tena kama zamani. Kuna wagonjwa wa baridi yabisi ambao vyuma pekee huwatosha, maana shingo ikitulia, uvimbe ulioletwa na baridi yabisi kuzunguka kifupa hunywea. Muulizeni daktari jambo hili kabla ya kusaini fomu.

Kinyozi hunyonga shingo yangu mpaka ilie. Nami nina baridi yabisi.

Mkataze leo! Na ukianza kushindwa kufunga vifungo vya shati, miguu ikawa mizito au ukapaliwa ovyo, usisubiri kliniki ya mwezi ujao.