Beringi ya difu kufa safarini: ubebe nini, uache nini

Mleta uzi ana pikipiki ya shafti (isiyotumia cheni) aliyoinunua ikiwa imeshatumika, anataka kupiga safari ndefu, na ameambiwa beringi kubwa ya difu ya nyuma, ile nyumba ya gia inayopeleka nguvu ya shafti kwenye gurudumu, hufa bila taarifa. Anauliza abebe difu nzima ya akiba au aende hivyohivyo.

Mkuu, difu nzima usibebe. Ni nzito, inakula nafasi ya maji na hema, na uzito wowote unaouongeza nyuma unaibebesha kazi beringi ileile unayoihofia. Kama unayo ya akiba, ipakie kwenye boksi na umwachie mtu unayemwamini, ili ukikwama aitume. Wewe beba beringi yenyewe, oili sili yake (pete inayozuia oili isivuje) na oili ya gia ya kujazia.

Hilo la "bila taarifa" silikubali. Taarifa inakuja mapema, ila inakujia kwenye oili kabla haijakujia masikioni. Kinachotokea ni hiki: uso wa njia ambamo gololi zinapita unaanza kubanduka, ama kwa sababu beringi ilifungwa kwa kubanwa kupita kiasi, ama oili ilichafuka au iliingia maji. Vipande vinavyobanduka vinazunguka na oili na kuendelea kusaga. Mwishowe kile kizimba kinachotenganisha gololi kinavunjika, gololi zinajikusanya upande mmoja, gurudumu linainama, sili inatafunwa na oili inamwagikia kwenye rimu na diski ya breki. Hapo kinachokuangusha ni oili iliyofika kwenye tairi, wala si beringi.

Kwa hiyo wiki chache kabla ya kuondoka, mwaga oili ya difu ikiwa ya moto na uangalie kizibo chenye sumaku. Ukikuta uji laini wa kijivu, ambao ukiusugua kwa vidole hauchomi, hiyo ni kawaida. Ukikuta vipande vinavyong'aa, vyembamba, ambavyo kucha inaweza kuvinyanyua kimoja kimoja, usiondoke na hiyo beringi hata kama gurudumu limekaza vizuri. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Wanaopenda kuvuka mito walijue hili: difu ya moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili au tundu la kupumulia. Presha ya kuoshea nayo usiielekeze kwenye sili.

Kubadilisha oili si gharama, maana difu nyingi za pikipiki huchukua robo lita au chini ya hapo. Tumia 75W-90 au 80W-90 ya daraja la GL-5, kadiri kitabu cha pikipiki yako kinavyosema. Usisikilize habari za oili ya maisha. BMW R1200GS ilipotoka mwaka 2004 difu yake haikupangiwa kubadilishwa oili, na baadaye kiwanda chenyewe kikaiingiza kwenye ratiba ya sevisi.

Kipimo cha pili ni kucheza kwa gurudumu. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, tairi la nyuma liwe hewani. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta kwa kupokezana mikono. Likicheza, usikimbilie kuilaumu beringi kubwa. Mwite mtu aweke ncha ya kidole pale panapokutana sehemu inayozunguka na nyumba ya difu, kidole kikae nusu huku nusu kule, halafu tikisa tena. Akihisi pande mbili zinapishana, beringi kubwa imekwisha. Asipohisi kitu, ahamishie kidole kwenye kiungo cha difu na swingamu, ule mkono unaoshikilia gurudumu la nyuma. Kama ndipo panapopishana, ni beringi za kiungo, ambazo ni nafuu zaidi. Fanya hivi pikipiki ikiwa baridi na tena baada ya mwendo, kwa sababu joto hubadilisha nafasi kati ya vyuma.

Yangu ilianza na taa ya ABS (mfumo unaozuia gurudumu kujifunga ukipiga breki) iliyokuwa inawaka na kuzima kwenye barabara ya changarawe. Jioni nikapitisha kitambaa upande wa ndani wa rimu, kikatoka na oili. Kwenye sumaku kulikuwa na vipande. Bahati ni kwamba beringi nilikuwa nayo kwenye begi, kwa hiyo nilichohitaji ni fundi mwenye pula (kifaa cha kuvutia beringi) na subira. Niliyempata alikuwa wa pampu na matrekta, na nakwambia kweli, kwa kazi hii ni bora kuliko fundi wa pikipiki anayebahatisha.

Tulitoa sensa ya ABS kwanza kabla ya kugusa kingine, maana waya wake ukikatika huna wa kuunga. Kifuniko cha difu tukakipasha moto ndipo kikaachia kwa urahisi. Beringi ya zamani ilikuja nusu, pete ya ndani ikabaki imeng'ang'ania shingo ya kraunwili, ile gia kubwa ya ndani ya difu. Fundi akaichana kwa grainda karibu kumaliza unene wake, akaishia hapo asije akaigusa shingo, kisha akaweka tindo kwenye mchano na kupiga mara moja. Ikapasuka.

Kupachika mpya ndiko kunakoharibu wengi. Usiigonge kwa nyundo na wala usiichome kwa moto wa gesi. Tuliiweka kwenye kopo kavu lenye kifuniko, tukaliketisha kopo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Maji yakichemka kwenye sufuria ya wazi hayavuki nyuzi 100, kwa hiyo beringi haiwezi kuungua, lakini inatanuka kiasi cha kuteleza yenyewe hadi mwisho. Shimu, zile pete nyembamba za kurekebisha nafasi, zirudishe zilezile na mahali palepale. Kipimo sahihi cha kubana kitafanyika ukifika kwenye gereji yenye vifaa.

Na namba. Andika namba iliyochongwa ubavuni mwa kila beringi ya pikipiki yako. Beringi za magurudumu kama 6204 au 6302 zinatumika kwenye mota na mashine za kila aina, kwa hiyo utazipata karibu popote. 6204 maana yake tundu la milimita 20, nje 47, unene 14. Herufi zinazofuata namba nazo zina maana: 2RS ni yenye mifuniko ya mpira pande zote mbili, na C3 ni yenye nafasi kubwa kidogo ndani. Ile ya difu ni pana lakini nyembamba, haikai madukani, ndiyo maana hiyo unaibeba.

Wenye cheni msicheke. Kuna beringi ndani ya kile kibebeo cha spoketi ya nyuma, na watu hubadilisha za gurudumu wakaisahau hiyo. Toa gurudumu, ingiza kidole, izungushe. Ikikwaruza, badilisha.

Kuhusu kuendelea na safari: sili ikivuja kidogo, gurudumu halichezi na sumaku ni safi, jaza oili, futa diski, nenda taratibu hadi kwenye gereji. Gurudumu likicheza na vipande vipo, simama hapohapo, tafuta gari la kubeba. Ukishabadilisha njiani, mwaga oili baada ya kilomita chache kisha weka nyingine, kwa sababu chembe za beringi ya zamani hazitoki zote kwa kufuta.