Vivumishi vigumu vya Kiingereza: anza na Kifaransa chako

Hapa Bukavu, vijana wengi wanaotafuta kazi katika mashirika ya kimataifa wanabeba kwenye simu orodha ndefu za maneno makubwa ya Kiingereza. Wanayakariri, na wiki ikiisha yameshatoka kichwani. Mimi niliziacha orodha hizo, nikaanza kutafuta asili ya kila kivumishi. Tangu hapo ninachojifunza kinakaa.

Wadogo zangu, sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tuna mali ambayo hatuitumii. Wanormandi kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, na lugha yao, Kifaransa, ikatawala ikulu na mahakamani kwa muda mrefu. Baadaye wasomi wa huko wakazidi kuchota maneno kwenye Kilatini. Ndiyo maana maneno mafupi ya kila siku yanatusumbua, wakati yale ambayo Mwingereza mwenyewe huyaona magumu tunayajua nusu tayari: taciturn (mtu mkimya) ni taciturne, loquacious (msemaji sana) ni loquace, lugubrious (chenye huzuni) ni lugubre.

Usijifunze neno mojamoja. Shika mzizi, ukae nao siku kadhaa. Chukua grex, yaani kundi la mifugo kwa Kilatini. Humo limetoka gregarious, mtu anayependa kuwa pamoja na wenzake. Humo pia imetoka congrégation, ambayo hapa hata mtoto anaijua kwa sababu ya masista. Halafu kuna egregious, neno ninalolipenda kuliko yote: ni yule aliyetokeza nje ya kundi. Zamani ilikuwa sifa njema, mtu aliyewapita wenzake. Kuanzia karne ya 16 maana ikageuka, na leo egregious ni kosa baya lililo wazi kwa kila mtu. Waitaliano wao walibaki na sifa ya zamani. Barua zao rasmi bado huanza na Egregio, kwa heshima. Ukishajua hayo, hutamwandikia mkurugenzi kwamba kazi yake ni egregious ukidhani unamsifu.

Vingine vimetoka kwenye majina. Draconian ni Draco, aliyewaandikia watu wa Athens sheria kali mno. Laconic ni Laconia, nchi ya Wasparta, waliojulikana kwa kusema machache. Inasimuliwa kwamba Filipo wa Makedonia aliwatishia kuwa akiingia nchini mwao atawaangamiza, nao wakamjibu neno moja tu: "Ikiwa."

Ila Kifaransa hakifai kuaminiwa kila mahali. Fastidieux ni kazi inayochosha. Fastidious ni mtu mchaguzi, anayetaka kila kitu kidogo kiwe safi na mahali pake. Yote mawili yalizaliwa na fastidium, kinyaa, kisha kila moja likaenda njia yake. Kwa hiyo, hata neno likifanana kabisa, lihakikishe. Mimi natumia Etymonline, kamusi ya mtandaoni ya asili ya maneno: ni bure, na inaeleza neno lilitoka wapi na lilibadilika lini.

Matamshi nayo yana sheria yake, na wengi wetu tunaibeba sauti ya Kifaransa bila kujua. Kivumishi kikiishia na -ic au -ious, kwa kawaida mkazo huangukia silabi iliyo kabla ya mwisho huo: laCONic, greGARious, faSTIDious. Litamke kwa sauti mara kadhaa kabla ya kulipeleka kwenye mahojiano ya kazi.