Pita za pakiti na chumvi tusiyoihesabu

Sisi wa Kigoma tumezoea chakula kikuu kisicho na chumvi. Ugali wa muhogo ni maji na unga, basi; chumvi yote tunaikuta kwenye mgebuka, dagaa au maharage. Kwa hiyo tukiletewa mkate wa pakiti kama pita, ule mkate bapa wa ngano, tunauandaa kwa mazoea yale yale: mboga ikolee, mkate ni wa kushibia. Kwa mtu mwenye presha mazoea hayo yana madhara, kwa sababu mkate huja na chumvi yake ndani.

Naandika haya kwa ajili ya wanaouguza wazazi nyumbani. Mama yangu tunaishi naye hapa Ujiji, ana presha na sukari kwa pamoja. Meno yake hayataki tena vitu vigumu, na dada yangu akija kutoka Dar es Salaam humletea pita za Kigiriki kwa kuwa ni laini. Mama anazipenda sana, na mimi sina nia ya kumnyima. Ila lazima nijue anakula nini, na nyuma ya pakiti kumeandikwa.

Anza na uzito wa pita moja. Ya Kigiriki si ile ya Kiarabu inayoachana katikati ikawa kama mfuko. Ya Kiarabu huokwa kwenye joto kali mno, mvuke ukaiumua na kuigawa tabaka mbili. Ya Kigiriki ni nene, haina mfuko, na mara nyingi unga wake hukandwa na mafuta kidogo. Wagiriki huipasha moto wakaviringishia nyama ya kuchoma. Unene huo unadanganya macho: ziko pita za gramu 60, ziko za 80 na kuzidi, na ukiziweka kwenye sahani zinaonekana ndugu. Pakiti za Ulaya huandika hesabu ya kila gramu 100, za Marekani huandika ya mlo mmoja. Ukitaka kulinganisha pakiti mbili, zirudishe zote kwenye gramu 100 kwanza.

Pita nyeupe ya kawaida, katika gramu 100, ina kilokalori zipatazo 275, wanga gramu 55 hivi, protini gramu 9, nyuzinyuzi gramu 2 na mafuta kama gramu 1. Ile iliyokandwa na mafuta hupanda hapo kwenye mafuta. Sodiamu ni kama miligramu 500, na hapa ndipo ninapowaomba mtulie.

Lebo za Ulaya husema chumvi, za Marekani husema sodiamu. Zidisha sodiamu mara mbili na nusu utapata chumvi. Kwa hiyo miligramu 500 za sodiamu ni chumvi gramu 1 na robo, na pita moja ya gramu 80 inabeba gramu 1 nzima. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Mzee aliyekula pita mbili asubuhi ameshatumia gramu 2, na mboga bado iko jikoni. Ulimi haumwambii kitu, maana chumvi imekandwa ndani ya unga. Wala mwokaji haiweki kwa ajili ya ladha peke yake: inaukaza unga na kuizuia hamira isiumue haraka kupita kiasi. Ndiyo maana pita ya dukani isiyo na chumvi kabisa ni vigumu kuipata. Zikiwepo aina mbili, chukua yenye namba ndogo.

Kwetu, siku ya pita mboga ya mama haitiwi chumvi hata punje. Dagaa wa Kibirizi waliokaushwa juani nawaosha, nawapika na nyanya nyingi, kitunguu, pilipili na ndimu ya kutosha. Viungo vya unga vya dukani siviweki, kwa kuwa vingi vimetiwa chumvi nyingi. Mara ya kwanza mama alisema, "Mwanangu, mbona hii mboga umesahau chumvi?" Nikamwambia, "Mama, chumvi iko kwenye mkate, vile vyote pamoja." Akamega, akachovya, akaendelea kula. Pita yenyewe naipasha kwenye kikaango kikavu. Kijiko kimoja cha chakula cha mawese kina kilokalori karibu 120, zaidi ya nusu ya zile za pita nzima ya gramu 80, kwa hiyo kuikaanga ni kumwongezea mzigo bure.

Upande wa sukari, pita hiyo ya gramu 80 ina wanga kama gramu 45, na karibu wote huishia kuwa glukosi mwilini. Nusu pita pamoja na dagaa na matembele inamtosha mama kuliko nzima pamoja na chai. Tusiionee, lakini: kwa protini inauzidi mbali unga wa muhogo, ambao karibu wote ni wanga. Anayetumia insulini aende na pakiti yenyewe kliniki, wampigie hesabu kulingana na dozi yake.

Rangi ya kahawia isikupumbaze. Kimea au molasi vinaweza kuitia rangi. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, hivyo unga wa ngano nzima uwe wa kwanza kwenye orodha. Kisha tazama nyuzinyuzi: kwa sheria za Ulaya, pita haiwezi kujiita yenye nyuzinyuzi nyingi kama haina angalau gramu 6 katika gramu 100. Nyuzinyuzi hizo zinamfaa sana mwenye sukari, ila chumvi ya pita ya ngano nzima huwa karibu sawa na ya nyeupe. Mwenye presha hapati nafuu yoyote hapo.

Na kwa kuwa tuko mwisho wa reli, soma tarehe kabla hujalipa, maana pakiti imesafiri sana. Ukiona kalsiamu propionati au E282, ni dawa ya kuchelewesha ukungu, si ya kuuzuia milele. Pakiti ikishafunguliwa katika joto letu, ukungu hauchukui muda. Mimi nikiifungua tu nazitenganisha kwa karatasi na kuzigandisha kwenye friza siku hiyo hiyo, kisha natoa moja moja. Ya mama inakatwa katikati ikiwa bado imeganda, nusu inapashwa na nusu inarudi ndani.