Maswali ya Mafundi: Pumba, Maranda na Vipande

Fundi shikamoo. Pumba za mbao zimejaa nyuma ya karakana. Nizichome usiku? (Fundi, Masasi)

Marahaba. Usichome. Swali hili naletewa kila mara na jibu halijabadilika. Pumba zinafukuta ndani kwa ndani hata siku kadhaa: juu unaona majivu, chini kuna moto, na upepo ukivuma cheche zinafika kwa jirani. Mpe mama lishe mwenye jiko la pumba. Ni kopo la bati lenye tundu ubavuni kwa chini. Unasimamisha chupa katikati, unashindilia pumba kavu kuizunguka, unachomoa chupa, unawasha kwa chini. Likishindiliwa vizuri linaivisha maharage.

Ila pumba za mbao za dawa, zile za kijani, zisifike jikoni, bandani wala bustanini. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Moshi na majivu yake ni sumu.

Vifaranga wangu wanakohoa tangu niwatandikie pumba. (Mfugaji, Mikindani)

Ziondoe leo, uweke maranda makavu ya randa. Unga wa msumeno wanaudonoa na kuuvuta. Na nyie mafundi mnaofagia bila barakoa, vumbi la mbao linasababisha saratani ya pua. Kitambaa cha kujifunga usoni hakitoshi.

Kila kitanda cha mninga kinanibakizia vipande vingi. Nani ananunua? (Fundi, Nachingwea)

Kwanza niambie vinatoka wapi. Mafundi wengi wanachukua ubao wa futi 12 na kukata kipande cha kwanza kwa macho, halafu wanashangaa kubaki na vipisi. Andika vipande vyote vya kitanda kabla ya kugusa msumeno, anza na virefu, vifupi vitoke kwenye mabaki. Acha pia kununua mbao mbichi. Zikikaukia ndani ya kitanda zinapinda na kupasuka, unarudia kazi kwa mbao nyingine.

Uliza na zilivyopasuliwa. Msumeno wa mnyororo unakula karibu milimita 8 kila mkato. Kwa mbao za inchi 1, mikato mitatu imegeuza ubao mzima kuwa pumba. Msumeno wa mkanda unakula 2 au 3 tu.

Vitakavyobaki tengenezea mbuzi za nazi, miiko, vigoda na vishikio vya droo. Na nakwambia hata kama hukuuliza: mbao za magendo, zisizo na kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), ndizo zinazowazoesha mafundi kutupa, kwa sababu zinapatikana kwa bei ya bure. Mninga unachukua miongo kadhaa kufikia kuvunwa.

Pumba zinafaa chini ya mikorosho? (Mkulima, Newala)

Zikiwa mbichi, hapana. Wakati zinaoza zinanyang'anya udongo naitrojeni. Changanya na samadi, lowesha, subiri ziwe nyeusi. Usizirundike kwenye shina, utaita mchwa.

Nimepewa vipande vya mpingo. Nivifanye kuni? (Msomaji, Lindi mjini)

Hapana! Mpelekee mchonga vinyago. Hata kipisi cha urefu wa kidole kinatoa shanga na vifungo.